Bomba Nyuma ya Jiko la Mama

Baba alizikwa Ijumaa, na Jumatatu asubuhi nilikuwa nyuma ya kaunta dukani Kariakoo, nauza koki na viungio vya mabomba kama kawaida. Ndivyo ilivyo kwetu. Binti ana siku tatu za matanga, basi, anarudi kazini kwake. Mwenye eda ni mjane. Mama yangu ndiye aliyevaa nguo nyeupe na kuingia chumba cha nyuma akae miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila manukato, bila kuvuka mlango.

Bosi wangu, ambaye familia yake ya Kihindi imekuwa na duka hilo tangu enzi za babu yake, aliniangalia nikifungua kufuli za makabati.

"Umerudi mapema, dada."

"Dini yetu siku tatu, bosi."

Akajikuna shavu. "Sisi kumi na tatu. Alipokufa mama yangu nilikaa zote, na hazikunitosha." Kisha akaniambia nihesabu koki za nusu inchi, nami nikazihesabu, nikakosea, nikaanza upya.

Mimi si mtu wa kukaa. Tangu utotoni mama alisema nina mchwa miguuni. Basi mtu kama mimi ukimpa msiba wa siku tatu kisha ukamrudisha dukani, lazima atafute pa kuupeleka mwili wake, na mimi nilipapata siku ileile ya hitima, nilipotoka mlango wa nyuma kumwaga maji ya kuoshea masufuria ya pilau.

Nyumba yetu iko Mchikichini, upande ule unaoinamia Bonde la Msimbazi. Nyuma ya jiko la mama kuna uwazi mdogo, kisha ukingo, kisha kijito kinachoshuka bondeni. Tulipokuwa wadogo uwazi ule ulikuwa uwanja mzima. Tulicheza rede pale, baba alifuga bata, na kulikuwa na mipapai miwili. Kijito kikawa kinamega ardhi kidogo kidogo kila masika, na sisi kila mwaka tukawa tunasogeza kamba ya kuanikia nguo karibu zaidi na nyumba, bila mtu kusema neno. Ndiyo tabia yetu, tunasogeza kamba.

Siku ile ya hitima nikaona tumbo la bomba. Wote tulijua kuna bomba la majitaka chini ya uwanja, maana chemba yake iko pale kwenye kona ya uchochoro, lakini hatukuwahi kuliona. Sasa lilikuwa limetokeza kwenye ukingo, nene, jeusi, lina ukoko, na chini yake palikuwa wazi kiasi cha mbuzi kupita. Kila kinachoshuka kutoka kwenye maghorofa ya Kariakoo kilikuwa kinapita mle ndani, juu ya hewa tupu, hatua chache kutoka kwenye jiko la mama. Nikabaki nimeshika sufuria.

Nilielewa mara moja, kwa sababu mabomba ndiyo kazi yangu. Bomba lile likikosa cha kulalia litavunjika kwenye kiungio. Likivunjika, majitaka ya watu nisiowajua yatamwagika uwanjani, ukingo utalainika, na jiko litafuata, labda na chumba cha nyuma pia. Mwanamke wa eda, anayekaa juu ya mkeka wake kati ya sala na sala, angekaaje kwenye najisi ile? Angelazimika kutoka. Na jambo moja tu mama alilokuwa ameliomba baada ya mazishi ni kumalizia eda yake katika nyumba ya mumewe. Masika yalikuwa yanakaribia.

Nilichofanya kwanza ni kujaribu kumhamisha. Nina vyumba viwili vya kupanga Ilala, vikavu, mbali na kijito chochote. Nilijua mama hatanisikia mimi, kwa hiyo nikamwita shehe wa msikiti wetu. Akaja na adabu zake, akakaa upande wa pili wa pazia.

"Mama, pole na msiba. Ikiwa kuna hofu ya nyumba kuanguka, dini inakupa ruhusa. Unahamia pengine, unamalizia huko huko. Haina ubaya."

"Ahsante, shehe," mama akajibu nyuma ya pazia. "Hofu ikinifika nitakutumia ujumbe."

Shehe alipoondoka akaniita ndani. Alikuwa ameegemea ukuta, tasbihi mkononi, uso wake mdogo bila vipuli.

"Ni wewe uliyemwita."

"Ndiyo, mama."

"Basi hofu ni yako, si yangu. Usinihamishe kwa hofu yako."

Nilitoka pale nimevimba kwa hasira. Nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa, nikapiga simu huku na huko, na watu wa majitaka wakaja, haraka kuliko nilivyotegemea. Alikuja mhandisi, mama mmoja wa makamo mwenye buti za mpira, akashuka kijitoni bila kusitasita, akapapasa kiungio kwa mkono. Akasema ukingo utajengwa kwa mawe baada ya mvua, kwa sababu huwezi kumshusha fundi kwenye mkondo unaotaka kujaa. Akatukataza kuchimba mchanga mbele ya bomba, akatukataza kutupa taka, akafunga utepe mwekundu na mweupe kutoka kwenye kona ya jiko hadi kwenye mti. Kila alichosema kilikuwa sawa. Nilimchukia kwa sababu hiyo hiyo. Baada ya mvua! Nikabaki nautazama ule utepe ukipepea.

Ndipo mdogo wangu wa kiume akaja na wazo lake. Yeye ni mtu wa mitumba sokoni Mchikichini, na watu wa mitumba wana dawa moja ya kila kitu, nayo ni nguo. Bati likivuja wanaziba kwa jinzi. Gari likinasa kwenye tope wanatandika makoti. Meza ikiyumba wanakunja soksi. Sasa, kila belo, lile furushi la mitumba, likifunguliwa kuna nguo zinazogombaniwa, kuna zinazouzika kwa shida, na kuna zile ambazo hata ukimpa mtu bure anakuuliza amekukosea nini. Hizo za mwisho zilikuwa zimejaa stoo yake na stoo za wenzake wote.

"Dada, mchanga tumekatazwa, na lori haliingii huku uchochoroni," akasema. "Nguo tunazo. Viroba vya belo tunavyo. Tunashindilia, tunashona, tunapanga ukuta. Nguo ikilowa inakuwa nzito, nani asiyejua? Mama mwenyewe anajua, kafua maisha yake yote."

Mtaa mzima uliona ni jambo la akili. Na mimi pia, ninayeuza mabomba, niliona ni jambo la akili, maana lilinipa cha kufanya. Jumapili ile vijana wa sokoni walileta nguo kwenye mikokoteni, tukashindilia kwa miguu na makalio, tukicheka. Viroba vikapelekwa chumba cha nyuma, na mama akavishona midomo kwa sindano ya magunia na kamba za belo. Hakuuliza lolote. Mikono yake ilikuwa inakwenda haraka, na niliona kwamba na yeye alikuwa amechoka kukaa bure. Jioni ukuta wa viroba ulikuwa umelificha bomba lote. Ulipendeza, kusema kweli. Mdogo wangu akaupiga picha.

Nilimwonyesha bosi ile picha. Akavaa miwani, akaitazama sana.

"Kwa hiyo mmelivisha nguo."

"Ndiyo, bosi."

"Haya. Tuone maji yatalivuaje."

Mvua ya kwanza kubwa ilipiga mchana, adhuhuri, nikiwa na mteja. Kariakoo inajulikana ikilowa, huhitaji kuangalia nje. Unasikia meza zinaburutwa, watu wanaitana wapandishe mizigo juu, na maji ya mtaroni yanakuja mlangoni kama mteja mwingine. Nilimwachia mteja koki yake mkononi, nikatoka. Bodaboda alinibeba mpaka mwanzo wa barabara iliyojaa, akasema yeye ni dereva, si nahodha. Kilichobaki nilikimbia kwa miguu, viatu mkononi, sketi nimeikunja, na moyoni nilikuwa nazungumza na baba. Nilikuwa namwambia ashike bomba mpaka nifike.

Nilipofika uwanjani sikulielewa nililoliona. Kijito kilikuwa kimepanda, rangi ya chai ya maziwa. Viroba havikuwa vizito hata kidogo, maji yalivinyanyua na kuvicheza, na vingi vilikuwa vimepasuka. Nguo zilikuwa zimetoka na kulikumbatia bomba. Mikono ya masweta, miguu ya suruali, pazia refu la maua, gauni la harusi la Ulaya lenye pindo za lesi, zote zimejifunga pale, na juu yake zilikuwa zimenasa chupa, matawi, na kila takataka iliyotoka juu. Mkondo ambao zamani ulipita chini ya bomba sasa ulikuwa unalisukuma kwa nguvu zote. Bomba lilikuwa linatikisika. Kwenye kiungio maji meusi yalikuwa yameanza kudondoka.

Mdogo wangu alikuwa majini hadi kifuani, kamba kiunoni, anakata nguo kwa kisu chake cha kufungulia mabelo. Majirani wawili walikuwa wameshika kamba, wengine wanavuta nguo kwa reki. Nikageuka kumtafuta mama. Alikuwa amesimama mlango wa nyuma, mtandio mweupe umelowa mbele, vidole vya miguu vimekanyaga kizingiti na havivuki. Maji yalikuwa yanalamba ngazi ya chini.

"Mama, toka! Toka upite mbele, kuna bajaji barabarani!"

"Nipo sawa hapa."

"Uko sawa nini? Nyumba inaondoka!"

"Haijaondoka."

Hapo nikapasuka. Nilimfokea mama yangu, mwanamke wa eda, mbele ya majirani, kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea hata mtoto wa mtu.

"Unamngoja nani humo ndani? Baba ameshakufa, mama! Ameshakufa!"

Wale majirani wawili waliokuwa kwenye kamba wakaangalia pembeni. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mama aliniangalia bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Najua," akasema. "Nilimfumba macho mimi. Umemaliza? Haya, kamshikie mdogo wako kamba, wale wamechoka."

Nikaenda nikashika kamba. Nililia pale, na mvua ikanistiri. Tulikata na kuvuta mpaka mzigo ukalegea, gauni la harusi likaondoka mwisho, likafunguka lote juu ya maji na kushuka bondeni, na bomba likaacha kutikisika. Alasiri kijito kilikuwa kimepungua. Majitaka yalikuwa yanadondoka bado kwenye kiungio, lakini bomba lilikuwa zima, na mama alikuwa amerudi kwenye mkeka wake.

Nilimpigia simu yule mhandisi nikitegemea matusi. Alikuja kesho yake na fundi wa kuziba kiungio, akaokota sweta kwenye matope, akalikamua, akalitundika kwenye utepe wake mwenyewe. Hakutusema. Akatuuliza tu tuna nini kingine zaidi ya nguo.

"Maji hayali bomba," akasema. "Yanakula ardhi iliyo chini yake. Msilifunike. Lipeni miguu, na mlinde miguu hiyo."

Aliposema hivyo nikajua pa kwenda. Kariakoo kila mara kuna nyumba ya zamani inavunjwa ili ghorofa lipande, na wenye kuvunja wanafurahi ukiwaondolea kifusi. Na bosi alikuwa na bunda kubwa la wavu wa waya lililoshika kutu upande mmoja, lililokuwa limemkera stoo kwa muda mrefu. Nilipomweleza hakuniacha nimalize. Aliita guta la mizigo, akasimamia mwenyewe bunda likipakiwa, kisha akaniambia nikae nyumbani wiki hiyo, koki zitahesabiwa na mwingine.

Tukaleta kifusi kwa maguta, safari baada ya safari. Vilikuwa vipande vya kuta za watu. Kimoja kilikuwa na rangi ya samawati na alama ya mahali palipotundikwa kalenda. Kingine kilikuwa na kigae cha jikoni. Mhandisi alitusimamia na fundi wake, maji yakiwa chini kati ya mvua na mvua. Tulikunja wavu kuwa makasha, tukayapanga chini kabisa penye mguu wa ukingo, tukayajaza kifusi, tukayafunga kwa waya. Chini ya tumbo la bomba tukashindilia mchanga uliochanganywa na saruji ndani ya viroba vidogo, mpaka lile pengo la kupita mbuzi likajaa. Nyuma ya makasha zilihitajika nguo za aina moja tu, viroba vitupu vya belo, vitandikwe ili maji yapite na udongo ubaki. Kwa hiyo viroba vyote vilivyookolewa vilirudi chumba cha nyuma, na mama, ambaye alikuwa amevishona, akakaa kuvifumua. Alifumua kwa mwendo uleule aliotumia kushona. Nilisimama mlangoni nikitaka kumwomba radhi, na yeye akaniambia nisimzibie mwanga.

Baada ya hapo ikawa kungoja, na kungoja sijui. Nilipita kila asubuhi kabla ya kazi na kila jioni baada ya kazi. Wingu likitokea upande wa Posta nilikimbilia ukingoni. Nilichutama juu ya makasha nikivuta waya mmoja mmoja kuona kama umelegea, nikaondoa kila mfuko wa plastiki ulionasa, nikagombana na mtu yeyote wa juu ya kijito aliyetupa hata ganda la chungwa. Mdogo wangu alisema nimekuwa mlinzi wa mavi ya watu, na kweli.

Mama yeye alilisikiliza bomba. Chumba chake kiko karibu nalo, na baada ya alfajiri, Kariakoo nzima inapoamka na kuingia chooni, bomba huunguruma ardhini kama mtu anayesafisha koo. Nikifika nilimkuta na jibu tayari.

"Leo limepita vizuri. Nenda kazini."

Na mimi nilitoka kwenda kuangalia mwenyewe.

Masika yalipita. Kijito kilipanda tena na tena, kikagonga makasha, kikageukia katikati ya njia yake. Ukingo haukumeguka. Siku ya kutoka eda wanawake walijaa uani, shangazi zangu, majirani, mdogo wake mama aliyevuka na pantoni kutoka Kigamboni na kapu la maandazi. Mama alioga, akavishwa gauni jipya la zambarau, akapakwa wanja, na harufu ya udi ikajaa nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu baba azikwe. Wakasoma dua. Kisha akasimama, akaenda moja kwa moja mlango wa nyuma, akavuka kizingiti.

Nilikuwa nimelisubiri jambo hilo kuliko nilivyojua. Nikamshika mkono, nikamwonyesha kila kitu: makasha, viroba, kiungio kilivyozibwa, kipande cha samawati kinavyoonekana kwenye waya. Nilikuwa naongea haraka kama mtoto anayeonyesha daftari. Akaangalia yote, akainama akagusa bomba kwa kiganja, bila kujali gauni jipya.

"Mmefanya kazi," akasema. "Mungu awalipe. Haya, nifungieni mizigo."

"Mizigo ya nini?"

"Naenda Kigamboni kwa mdogo wangu. Kuna upepo kule. Mdogo wako akae hapa na mkewe."

"Mama, lakini nyumba imepona! Bomba limepona!"

"Nimeona, mwanangu. Mimi sikuwa nakaa na bomba." Akajifuta kiganja kwenye kanga yangu. "Nilikuwa na kazi na baba yako, na nimeimaliza."

Jioni ile alipanda pantoni na sanduku moja, hakugeuka nyuma hata mara moja. Mimi niliyetaka kumtoa kwa maneno ya shehe na kwa makelele ndiye niliyebaki Feri nimeganda.

Huko Kigamboni amenenepa. Analima mchicha, anacheka kwenye simu. Mvua ikinyesha mjini ananipigia.

"Uko wapi?"

"Kwangu, mama. Ilala."

Lakini simu inasikia kila kitu, kijito kinavyopiga kwenye kifusi, na chini yake lile bomba likisafisha koo. Miezi minne alilisikiliza, hawezi kulisahau.

"Rudi kwako, mwanangu," anasema taratibu. "Eda niliwekewa mimi. Wewe uliambiwa siku tatu."

"Naenda sasa hivi, mama."

Nakata simu, nakaa juu ya makasha, mgongo kwenye bomba, namlilia baba.